Jina la Paka

Katika kitabu, jina ni la paka. Katika filamu, jina ni la binti aliyekufa.

Kitabu ni Gunnm, manga ya Yukito Kishiro iliyochapishwa kwa sehemu nchini Japani kati ya 1990 na 1995, kisha ikakusanywa katika juzuu 9. Filamu ni Alita: Battle Angel ya 2019, iliyoongozwa na Robert Rodriguez na kutayarishwa na James Cameron pamoja na Jon Landau. Zote mbili zinaanzia jalalani. Juu ya jalala unaning'inia Zalem, mji wa wateule, unaokula jasho la walio chini na kuwadondoshea taka zake. Daktari Ido, fundi wa miili ya mashine, anapekua chuma chakavu akitafuta vipuri. Anaokota kichwa cha msichana kilichoshikana na kipande cha kifua. Ubongo uliomo ungali hai. Anakipeleka nyumbani, anakitafutia mwili, na kwa kuwa kilipoamka hakikukumbuka lolote, anakipa jina.

Kwenye manga Ido anamwita Gally, kwa sababu paka wake aliyekufa muda si mrefu aliitwa hivyo. Kwenye filamu anamwita Alita, jina la mwanawe aliyeuawa. (Alita ni jina lililotokana na tafsiri ya Kiingereza ya manga; filamu ililikuta huko ikalipa historia mpya.) Trela ya kwanza ilipotoka Desemba 2017, gumzo lote lilikuwa juu ya macho yale makubwa. Lakini ukikisoma kitabu na kuitazama filamu kwa kufuatana, utaona kwamba badiliko zito kuliko yote limejificha kwenye jina, mahali ambapo hakuna kompyuta iliyohusika.

Rudi kwanza kwenye aya niliyoeleza jalala. Nimeandika "anakipeleka", "kilipoamka", "hakikukumbuka". Sarufi iko sawa, maana kichwa ni cha ngeli ya KI-VI. Hata hivyo nadhani ulisita ulipofika kwenye "kilipoamka". Kitu hakiamki. Sentensi chache mbele nimeandika "anamwita", na hukushtuka tena. Mahali fulani kati ya sentensi hizo, kitu kimekuwa mtu, na hakuna aliyetangaza.

Kijapani kinaweza kupitisha sentensi nyingi bila kumtaja mtenda. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo, kwa sababu kila kitenzi kinadai kiambishi chake, na ukichagua kiambishi umeshatoa hukumu. Tena lugha yetu ina ukarimu wake katika jambo hili. Mbu ameniuma, paka amelala, kiziwi amefika, kiongozi amesema: hata nomino zinazoanza na ki- zinapewa a- pale zinapobeba uhai. Panapotutatiza ni mpakani. Maiti amezikwa au imezikwa? Utasikia yote mawili, msikitini na kanisani. Roboti imeharibika au ameharibika? Wengi husema imeharibika, mpaka roboti hiyo ianze kujibu maswali. Saibogi, yaani mtu ambaye sehemu ya mwili wake, au mwili wote ukiacha ubongo, ni mashine, amekaa palepale mpakani.

Ndiyo maana jina la paka lina nguvu. Paka ni a- bila kuwa mtu. Ana uhai, ana tabia, anaweza kupendwa na kuliliwa, lakini hana ukoo wa kumdai, hana shamba la kurithi, wala hakuna anayetarajia awe fulani. Kishiro anamwingiza Gally kwenye dunia ya walio hai kwa mlango huo wa chini. Ido anampenda, ndiyo, lakini kwa namna mtu anavyompenda kiumbe aliyekiokota na kukiona kinapumua. Hakuna kiti kilichoachwa wazi mezani kikimsubiri Gally. Yeye ni nani? Kitabu kinamwachia aitafute kazi hiyo mwenyewe, na anaitafuta kwa ngumi, kwa mapenzi yanayokwenda kombo, na kwa mchezo wa Motorball, ule wa magurudumu na damu, kwa karibu kurasa elfu mbili.

Filamu inampitisha mlango wa juu. Binti wa Ido alikuwa anatumia kiti cha magurudumu, na baba yake alikuwa amemtengenezea mwili mzuri wenye miguu ya kukimbilia. Kabla hajauvaa, aliuawa na mchezaji mmoja wa Motorball aliyevamia kliniki akitafuta dawa. Mwili ukabaki. Mkuta kichwa akakivika mwili wa marehemu na jina la marehemu. Zaidi ya hapo, filamu imemchukua Chiren, mhusika ambaye hayumo kwenye manga bali alibuniwa kwa ajili ya katuni ya video ya 1993, ikamfanya mke wa zamani wa Ido na mama wa binti yule. Kwa hiyo Alita anapofumbua macho hajaamka ulimwenguni tu. Ameamka ndani ya familia iliyovunjika, na familia hiyo tayari ina nafasi yake, yenye vipimo vyake.

Kwetu jambo hili halina ugeni. Watu wengi wa Afrika Mashariki humpa mtoto jina la aliyetangulia, na si ajabu kumsikia bibi akimwita mjukuu wake wa miaka 4 "mume wangu" kwa sababu amebeba jina la babu. Mtazamaji wa Kigoma au Mombasa anaweza kuona filamu hii imefanya la heshima kuliko kitabu, kwani nani anampa mtoto jina la paka? Lakini yeyote aliyekua na jina la marehemu anajua pia upande wa pili. Jina la aina hiyo ni zawadi na ni deni. Ukikosea, unaambiwa mwenye jina hakuwa hivyo. Ukifanya vizuri, sifa mnagawana. Filamu inaligusa deni hilo: kuna wakati Alita anakataa kuvikwa maisha ya mwingine, na Ido anakubali kwamba yeye si binti yake. Lakini linafunguliwa haraka na kufungwa haraka, na mwishowe Alita anamwita baba, muziki unapanda, hesabu imelipwa.

Ingekuwa filamu moja peke yake, ningesema ni hiari ya waandishi wake. Lakini miaka 2 kabla yake, Hollywood ilifanya jambo lilelile kwa saibogi mwingine. Ghost in the Shell ilianza kama manga ya Masamune Shirow mwaka 1989, na mwaka 1995 Mamoru Oshii akaigeuza kuwa filamu ya katuni ambayo bado inafundishwa na kuigwa. Mhusika wake mkuu, Meja Motoko Kusanagi, ana mwili wa kiwandani na anajiuliza kama ndani yake kuna mtu au kuna kumbukumbu tu zilizopangwa zikafanana na mtu. Oshii hampi mama wa kumkumbatia. Anampa uamuzi: Meja anaungana na akili iliyozaliwa ndani ya mtandao, na anaamka akiwa kitu kipya kisicho na jina. Katika toleo la waigizaji la 2017, lililoongozwa na Rupert Sanders, Meja anagundua kwamba alinyang'anywa maisha yake ya zamani, kwamba alikuwa binti wa watu, na anampata mama yake akiishi peke yake kwenye fleti. Kelele nyingi zilipigwa kuhusu Scarlett Johansson kupewa nafasi hiyo, na kelele hizo zilikuwa na haki yake. Zilifunika, hata hivyo, kwamba filamu ilikuwa imebadilisha swali lenyewe. Meja wa 1995 anauliza "mimi ni nini?" Meja wa 2017 anauliza "mimi ni mtoto wa nani?"

Swali la pili linajibika. Kuna anwani, kuna mlango wa kubisha, kuna mama wa kufungua. Swali la kwanza halina mlango. Na filamu iliyogharimu takriban dola milioni 170, kama Alita, haiwezi kumwacha mtazamaji nje bila mlango. Katika dakika 10 za mwanzo lazima umpende mtu aliyetengenezwa, la sivyo fedha zimepotea. Njia fupi kuliko zote ya kumfanya mgeni apendwe ni kumfanya ndugu. Kishiro alikuwa na miaka 5 ya kutoa sehemu baada ya sehemu. Msomaji wake alimzoea Gally polepole, kama unavyomzoea jirani mkorofi. Rodriguez alikuwa na saa 2. Ninaielewa haraka hiyo. Bado tunapaswa kusema imegharimu nini.

Imegharimu kwanza uchafu wa wahusika. Kwenye manga adui wa mwanzo ni Makaku, zimwi la mashine linalokula bongo za watu. Kabla hajafa, Kishiro anatupeleka utotoni mwake: alikuwa mtoto aliyetupwa kwenye mitaro ya maji machafu. Yeye pia aliokotwa jalalani, ila aliyemwokota hakuwa Ido. Ukishasoma hapo, huwezi tena kuuona wema wa Gally kama tabia yake ya kuzaliwa, unaona bahati. Grewishka wa kwenye filamu ana umbo la kutisha kuliko Makaku, lakini hatupewi nafasi ya kumwonea uchungu kwa namna hiyo. Yugo, kijana anayependwa na Gally, anawaibia watu uti wa mgongo ili apate nauli ya kupanda Zalem. Hugo wa kwenye filamu anawavua saibogi vipuri vyao. Ubaya wake umepunguzwa ili apendeke. Lakini hebu angalia maana ya badiliko hilo: filamu inatuomba tuone kwamba kumng'oa saibogi mkono ni kosa jepesi kuliko kumng'oa mtu mfupa. Filamu ambayo mhusika wake mkuu ni saibogi! Hapo, bila kukusudia, imerudi kwenye ki-.

Imegharimu pili usawa wa wino. Kwenye ukurasa wa manga, mkono wa nyama wa Ido na mkono wa chuma wa Gally vimechorwa na kalamu moja, kwa weusi mmoja juu ya karatasi moja. Macho makubwa ni desturi ya uchoraji ule, hayamtengi yeyote. Kwenye filamu, Christoph Waltz amepigwa picha akiwa na ngozi yake, mikunjo yake na jasho lake. Mbele yake amesimama Alita, ambaye sura yake imeundwa upya na kompyuta za Weta Digital. Macho yaliyokuwa desturi ya wote yamekuwa alama ya mmoja. Mtu anayeingia sinema bila kujua lolote anaona mara moja nani ni wa kawaida na nani siye, kabla hadithi haijamwambia kitu.

Lakini hapa ndipo filamu inaponishangaza, kwa sababu gharama hiyo imezaa faida ambayo kitabu hakikuweza kuwa nayo. Chini ya sura ile ya kompyuta yumo Rosa Salazar, aliyeigiza kila tukio akiwa amevaa vifaa vya kunasa mwendo, kamera ndogo ikimwangalia usoni. Kila Alita anapokunja pua, kuna pua iliyokunjwa kweli. Mtazame anapopewa chungwa kwa mara ya kwanza: analiuma na ganda lake, uchungu unapita usoni, kisha anamenyewa, na utamu unafika. Ni tukio dogo, na ndilo lililonishawishi kuliko mapigano yote. Salazar ndani ya Alita ni ubongo hai ndani ya mwili uliotengenezwa. Wachambuzi walipouliza kama macho yale ni "ya uongo", walikuwa wanauliza swali la Gunnm bila kujua: ukimkuta mtu ndani ya kitu, utaangalia kipi?

Mjomba wangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki, akatengenezewa wa bandia Moshi. Miezi ya mwanzo aliuita "hiki kitu". Hiki kitu kinaniumiza, hiki kitu kizito. Baadaye, bila yeyote kumwelekeza, ukawa mguu: niletee mguu wangu. Na ilipofika mwaka wa pili, asubuhi za baridi alikuwa akiupigapiga kwa kiganja na kutuambia, "Huyu leo kaamka vibaya." Watoto walicheka, naye alicheka nao, lakini sidhani ilikuwa mzaha mtupu. Aliutembelea mguu ule sokoni, msibani na shambani mpaka ukastahili a-. Fundi aliutengeneza kwa wiki chache. Kuuingiza kwenye ngeli ya walio hai ilikuwa kazi ya mjomba, na ilimchukua muda.

Filamu inalijua jambo hili, na inalionyesha vizuri kuliko kitabu. Mwili ule wa binti wa Ido unapovunjwa vipande, Alita anavishwa mwili wa pili, wa kivita, uliotoka kwenye meli iliyoanguka karne 3 zilizopita. Mwili huo unaanza kujibadilisha wenyewe, ukilifuata umbo ambalo Alita anajiona nalo akilini. Anaamka akiwa mrefu zaidi, mtu mzima zaidi. Kwa dakika chache hizo filamu inajisahihisha: umbo halitoki kwa baba wala kwa marehemu, linatoka kwa mwenyewe. Baada ya hapo Alita anautoa moyo wake wa mashine kifuani, anamnyooshea Hugo kwenye kiganja, amwambie auze apate nauli ya kwenda juu. Ungeweza kulisoma tukio hilo kama mapenzi ya kitoto, na ndivyo lilivyo. Lakini katika mji ambao kila kiungo kina bei, msichana anayeutoa moyo wake bure ni mtu anayevuruga soko. Hugo anaukataa. Ni mara yake ya kwanza kukataa kipuri.

Sasa tufike kwenye gharama ya tatu, ambayo ndiyo kubwa. Filamu imekusanya visa vya juzuu 4 za mwanzo, na inaishia Alita akiwa nyota wa Motorball, upanga ameuelekeza Zalem. Juu, Nova anatabasamu. Mwendelezo uliokusudiwa haujatoka hadi leo, ingawa filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Kwa hiyo mtazamaji anaondoka akidhani swali la hadithi ni kama msichana wa chuma atafika kwa watu wa nyama walioko juu na kuwaadhibu.

Msomaji wa Gunnm anajua walioko juu ni akina nani. Wakazi wa Zalem wana miili ya nyama, safi, isiyo na hata skrubu. Wanawadharau saibogi wa chini. Lakini kila mmoja wao, anapofikia utu uzima, hufanyiwa upasuaji bila kuambiwa ukweli wake: ubongo hutolewa, na badala yake huwekwa chipu. Wanaendelea kula, kupenda, kucheka na kudharau, wakijiona watu kamili. Ido, aliyezaliwa huko, ni mmoja wao, na anapoujua ukweli huo hawezi kuubeba. Gally, ambaye ana ubongo wa nyama ndani ya chuma, anasimama mbele ya watu wenye chuma ndani ya nyama.

Hapo jina la paka linalipa. Kama utu ungekuwa mwili, Zalem ingeshinda. Kama utu ungekuwa ubongo, Gally angeshinda, na Ido, yule baba mwema aliyemwokota, angekuwa kifaa. Kishiro hamruhusu msomaji kusherehekea upande wowote, kwa sababu tumeshamwona Ido akilia, akikosea na kuomba radhi kwa juzuu nyingi, na chipu yake haikumzuia. Gally hana ukoo wa kumthibitisha, na Ido hana hata ubongo wa kumthibitisha. Wanabaki na walichotendeana.

Filamu iliyompa Alita baba itapata taabu kufika hapa, kama itaruhusiwa kufika. Imejenga mapenzi yetu juu ya damu na jina la marehemu. Itabidi siku moja itwambie kwamba baba mwenyewe, yule aliyemthibitisha binti, anahitaji kuthibitishwa. Labda huko ndiko chaguo lao la jina la binti lingepata maana ambayo kitabu hakina: mtoto aliyetengenezwa akimwambia mzazi wake kwamba bado ni mtu. Ningeilipia tiketi filamu hiyo.

Kwa sasa tuna nusu ya hadithi, nzuri, iliyochezwa kwa moyo na Salazar, na inayompenda mhusika wake kiasi cha kumtafutia ndugu. Itazame. Kisha itafute manga, ufike mpaka wanapotokea watu wa Zalem, wenye ngozi nyororo na chipu kichwani, uandike sentensi moja juu yao kwa Kiswahili. Utaandika "wamekuja", "wamesema", "wamecheka", na mkono hautasita hata kidogo. Kwenye kichwa kilichookotwa jalalani ulisita.